Masufuria ya Babu na Kiwanda cha Akina Lodge

Babu yangu alikuwa akisubu masufuria na baba yangu akiyauza. Karakana ilikuwa uani, duka lilikuwa mbele, na sisi watoto tuliishi katikati, Ngamiani, Tanga, katika nyumba ambayo uani kulinuka moshi wa makaa na dukani kulinuka karatasi za kufungia vyombo vipya. Biashara ile ililisha nyumba tatu kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilikufa mwaka 1996, ndani ya miezi michache tu, na wala watu wa Tanga hawakuwa wameacha kupika.

Sasa ninaishi Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Ukiendesha gari kuelekea magharibi, kabla hujamaliza saa nzima unaufikia mji mdogo uitwao South Pittsburg, kando ya mto Tennessee. Njiani unavuka mpaka wa majira, kwa hiyo aliyeondoka Chattanooga saa 3 asubuhi anafika huko saa 3 bado haijatimia. Katika mji huo ukoo mmoja umekuwa ukisubu makaango ya chuma tangu mwaka 1896. Kampuni yao inaitwa Lodge. Ni kiwanda, ni maduka, na bado ni mali ya ukoo uleule.

Tangu nilipoufahamu mji huo nimekuwa nikizilinganisha nyumba hizi mbili: ya kwetu iliyokwisha katika kizazi cha pili, na ya kwao iliyofika kizazi cha tano. Wengi wataniambia jibu ni jepesi: wale ni Wamarekani, wana mtaji. Sikubaliani nalo. Marekani ilikuwa na viwanda vya makaango vilivyokuwa na majina makubwa kuliko Lodge. Griswold cha Erie, Pennsylvania, kilichoanza mwaka 1865, kiliuzwa mwaka 1957. Wagner cha Sidney, Ohio, kilichoasisiwa na ndugu wa tumbo moja mwaka 1891, kiliondoka mikononi mwa ukoo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Vyote viwili vilikuwa na mtaji, na leo makaango yao hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Kwa hiyo fedha peke yake haitoshi kueleza kilichotokea.

Nianze na kwetu, kwa kuwa ndiko nikujuako zaidi.

Babu alijifunza kusubu katika mashamba ya mkonge, kwenye karakana zilizokuwa zikitengeneza vipuri vya mitambo ya kuchakata. Alipotoka huko alikuja mjini na kuanza kuyeyusha alumini. Malighafi yake ilikuwa pistoni za malori, vifuniko vya giaboksi na sufuria kuukuu zilizotoboka. Kazi ilianza na mchanga. Uliletwa kutoka mtoni, ukachekechwa, ukachanganywa na udongo mfinyanzi kidogo na maji ya kupimwa kwa kiganja: ukiufinya ukaganda bila kulowesha mkono, uko tayari. Mchanga huo ulishindiliwa ndani ya fremu mbili za mbao, sufuria ya mfano ikiwa katikati. Fremu zikifunuliwa na mfano ukitolewa kwa uangalifu, panabaki uwazi wenye umbo la sufuria. Hapo ndipo alumini iliyoyeyuka humiminwa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, moto ambao mkaa na mivukuto huweza kuufikisha, na hiyo ndiyo sababu kazi hii inawezekana uani kwa mtu.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa mivukuto, na baadaye tupa na msasa. Sufuria ikitoka kwenye mchanga huwa na kingo kali na ngozi iliyoparuza. Ilibidi kuisugua mpaka mkono upite ndani bila kukwama. Babu hakupenda haraka katika hatua hii. Alikuwa akiingiza mkono wake mwenyewe katika kila sufuria na kuizungusha taratibu, macho akiwa ameyaelekeza kwingine kabisa.

Miaka yetu ya neema ilikuwa, ajabu yake, miaka ya shida kwa nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ukabaki hivyo mpaka mwaka 1983. Kabla ya hapo masufuria mepesi ya Kaluworks ya Mombasa, kiwanda kilichoanza mwaka 1929 na ambacho ukoo wa Chandaria ulikikuza, yalikuwa yakiingia Tanga kama samaki wa jirani. Mpaka ulipofungwa yakawa ya magendo. Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada ya vita uhaba: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga kwa kujuana. Mwaka 1983 serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, wenye maduka wengi walifunga milango kwa hofu. Baba hakuwa na cha kuficha, kwa kuwa bidhaa yake haikutoka bandarini. Ilitoka uani.

Katika kipindi hicho mama ntilie, wauza maandazi, shule na misikiti iliyopika kwa ajili ya maulidi, wote walikuja kwetu. Masufuria ya babu yalikuwa mazito. Chini yalikuwa na unene wa kidole kidogo, hivyo wali haukuungua haraka na maharage yaliendelea kutokota hata mkaa ukishafifia. Mtu aliyenunua kwetu hakurudi kununua lingine kwa miaka mingi, na babu aliona hiyo ndiyo sifa.

Na baba alikuwa na sifa yake. Nakumbuka bibi mmoja mpika vitafunio aliyeingia dukani na sufuria kubwa kichwani, jasho linamtoka.

"Shikamoo, bibi," baba akamwamkia akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Hii sufuria yenu inavuja. Tangu jana jiko linakunywa mafuta yangu."

Baba aliipokea, akaijaza maji, akaiinua kwenye mwanga. Chini kulikuwa na tone linalochuruzika kutoka katika kitundu cha hewa, kasoro ya kusubu isiyoonekana kwa macho. Hakuuliza imenunuliwa lini, wala hakutafuta daftari.

"Imekukosea, bibi. Chagua nyingine yenye ukubwa huohuo. Na mafuta yaliyomwagika nayo tutayahesabu."

Ile mbovu ikarudi uani, ikakatwa, ikayeyushwa upya. Bibi yule alitununulia vyombo mpaka alipofariki, na wanawe baada yake.

Mambo yaligeuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Biashara ya nje ilianza kulegezwa mwaka 1984, na kila mwaka uliofuata ulileta vyombo vingi zaidi kutoka Asia: masufuria membamba ya kung'aa, yaliyopangwa kwa seti, makubwa yakimeza madogo, na kwa bei ya sufuria moja ya babu ungenunua seti nzima. Baba aliliona hilo mapema. Alimwomba babu wapunguze unene wa chini, watafute mashine ya kuchonga badala ya tupa, watengeneze vifuniko vinavyofunga vizuri, na zaidi ya yote wagonge alama chini ya kila sufuria ili mnunuzi ajue imetoka kwa nani. Babu alikataa yote kwa neno moja: "Wananijua." Na kweli walimjua, ila waliomjua walikuwa wa rika lake, na walikuwa wakipungua.

Babu alifariki mwaka 1989. Karakana iliendelea kwa kusuasua chini ya ami yangu mkubwa. Baba alifariki mwaka 1996, na hapo ndipo nyumba ilipofanya jambo ambalo naliona kuwa ndilo lililoiua biashara, kuliko masufuria yote ya Asia.

Waligawa mali. Mirathi ni haki na kila mmoja alipata fungu lake kama dini ilivyoagiza. Hapo sina neno. Lakini kilichogawanywa kilikuwa masufuria yenyewe. Walikaa barazani wakiyahesabu: haya ya fulani, haya ya fulani, mabeseni ya shangazi, makarai na majiko ya ami. Mizani ilikwenda nyumba moja, mawe yake nyumba nyingine. Fremu za kusubia zilichukuliwa na binamu ambaye hakuwa na kazi nazo, zikaishia kuwa kuni. Hakuna aliyesema: tuiache biashara nzima kama ilivyo, tuandikishane nani ana sehemu gani, na faida ndiyo igawanywe. Sidhani kama yeyote alilikataa wazo hilo. Halikuwahi kuletwa barazani. Na daftari la baba, lenye majina ya mama ntilie na shule na misikiti, nani anadaiwa na nani hulipa kwa wakati, halikurithiwa na mtu. Nililikuta stoo likiwa limeliwa na mchwa nusu. Kwa maoni yangu daftari lile lilikuwa na thamani kuliko masufuria yote yaliyokuwa rafuni.

Sasa twende South Pittsburg.

Mji ulipewa jina kwa matumaini. Katika miaka ya 1870 wawekezaji kutoka Uingereza walijenga hapo tanuri za kuyeyushia chuma, kwa kuwa vilima vya karibu vilikuwa na makaa ya mawe na mawe yenye chuma, wakitaraji mji utakuwa Pittsburgh ya kusini, mfano wa ule mji wa viwanda vya chuma wa Pennsylvania. Haukuwa. Hadi leo una watu wapatao 3,000 tu. Joseph Lodge alifungua kiwanda chake cha kusubu hapo mwaka 1896, na hakukiita kwa jina lake. Alikiita Blacklock, jina la rafiki yake aliyekuwa mchungaji wa kanisa lake. Mwezi Mei mwaka 1910 kiwanda kiliteketea kwa moto. Miezi michache baadaye kilikuwa kimesimama tena, mitaa michache kutoka kwenye majivu, safari hii kwa jina la Lodge.

Katika historia yote ya kampuni hii, kinachonigusa zaidi ni walichofanya wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi wa miaka ya 1930. Watu hawakuwa na fedha za kununua makaango. Badala ya kuzima tanuri na kuwarudisha wafanyakazi nyumbani, walianza kusubu sanamu ndogo za mapambo, wanyama na vibete wa kuweka bustanini, vitu vya bei ndogo ambavyo mtu mwenye senti chache angeweza kununua ajifurahishe. Mtu anayejua kazi ya kusubu ataelewa. Mikono inayoacha kushindilia mchanga kwa miaka mitatu hairudi na ustadi uleule. Walikuwa wakitunza mikono. Nikisoma habari hiyo humwona ami yangu, fundi hodari, akiuza maji ya kandoro stendi ya mabasi baada ya karakana kufungwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja changamoto nyingine, na hizi zilifanana sana na zetu. Alumini nyepesi na chuma cha pua vilijaa madukani. Mwaka 1956 Mfaransa Marc Grégoire alianzisha Tefal na kuuza makaango yaliyopakwa dawa isiyoshika chakula. Kaango la chuma la kusubu, zito, jeusi, linaloshika kutu usipolifuta, likaonekana chombo cha bibi. Ndicho kipindi Griswold na Wagner walipopita mikononi mwa wageni. Akina Lodge walibaki, na walibaki kwa kubadili karibu kila kitu kilichomo ndani ya kiwanda. Waliacha kumimina kwa mkono, wakaleta mitambo inayotengeneza kalibu za mchanga kwa kasi. Mwaka 1992 waliachana na tanuri la makaa ya mawe wakaweka tanuri za umeme, zenye moshi mdogo na zinazomruhusu fundi kudhibiti vizuri zaidi kilichomo ndani ya chuma. Mchanga ukaanza kutumika tena na tena.

Lakini kaango lenyewe liliendelea kuwa lilelile. Umbo lake, uzito wake, mkono wake mfupi na vidomo viwili vya kumwagia mafuta. Mwenye kaango la nyanya yake atapata leo dukani kifuniko kinacholienea. Hapa ndipo ninapomlaumu babu kwa upendo wote nilio nao kwake. Aliamini kwamba kuheshimu sufuria ni kuheshimu tupa, mivukuto na fremu za mbao. Mpishi hajui sufuria ilisuguliwa kwa tupa au kwa mashine. Anachojua ni kwamba wali haukuungua. Baba alikuwa tayari kubadili njia na kulinda chombo, na hakupewa nafasi.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 2002. Kaango la chuma la kusubu lina usumbufu wake: likiwa jipya halifai kupikiwa. Sharti ulipake tabaka jembamba la mafuta na kulichoma mpaka mafuta yagande yawe ngozi nyeusi, urudie tena na tena, kabla yai halijakubali kuteleza. Wanawake wa zamani walijua na walikuwa na subira. Vijana walinunua, chakula kikagandia, wakalitupa. Akina Lodge wakaamua kuifanya kazi hiyo kiwandani: kila kaango linanyunyiziwa mafuta ya soya, linatundikwa kwenye ndoano na kupitishwa katika tanuri kali, na linafika dukani likiwa jeusi na tayari. Washindani wakaiga karibu wote. Hawakubuni chombo kipya. Walimtazama mnunuzi akihangaika jikoni kwake, wakaubeba mzigo ule wao wenyewe. Baba alikuwa akifanya jambo la namna hiyo alipomwambia bibi wa vitafunio achague sufuria nyingine.

Maduka yao ndiyo huniburudisha zaidi, labda kwa kuwa mimi ni mtoto wa duka. Wana duka hapo South Pittsburg, jingine Sevierville kwenye njia ya watalii waendao Milima ya Great Smoky, na mengine. Ndani ya duka la kiwanda kuna rafu za vyombo vyenye kasoro: hiki kina kovu pembeni, hiki ngozi yake nyeusi ina doa, hiki ukingo wake haukunyooka vizuri. Vimeandikwa wazi kwamba vina kasoro ya sura, vinapika sawa na vingine, na bei yake imepunguzwa. Mara ya kwanza nilisimama pale muda mrefu. Mama mmoja mhudumu, mtu mzima, alinisogelea akidhani nimekwama katika kuchagua. Alilichukua kaango moja, akalipindua, akanionyesha doa lenyewe kwa kidole na kunieleza limetokana na nini: ndoano ilipolishikia tanurini. Kisha akaniambia kwamba mumewe alifanya kazi kiwandani na baba mkwe wake pia. Duka linalokueleza kasoro ya bidhaa yake kabla hujaiona ni duka ninalolifahamu. Nimelelewa ndani yake.

Mji nao umejifunga na kiwanda. Tangu miaka ya 1990 hufanyika hapo kila mwaka tamasha la mkate wa mahindi, ule ambao watu wa kusini huumimina ndani ya kaango la chuma lililokwisha pashwa moto mkali, ili upande wa chini ukauke na kuwa na ukoko. Msomaji wa pwani atauelewa mara moja, kwa kuwa sisi pia ukoko tunaugombania. Mwaka 2022 kampuni ilifungua makumbusho yake, na ndani yake kuna kaango lenye uzito wa ratili 14,360, yaani zaidi ya tani 6. Si la kupikia. Ila watoto wa mji ule wanakua wakijua kwamba kazi ya baba zao inastahili kuwekwa mahali pa kutazamwa. Tanga ya utoto wangu ilikuwa na wasubu hodari wengi, na sijui mtoto mmoja aliyeambiwa hivyo.

Kuhusu urithi, sina budi kusema lililo wazi. Joseph Lodge alikuwa na watoto wa kiume na wa kike, na kampuni haikukatwa vipande. Jina la Kellermann liliingia kwa njia ya binti aliyeolewa, na tangu hapo Lodge na Kellermann wameendesha kiwanda kwa pamoja kizazi baada ya kizazi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 walifanya jambo gumu kwa ukoo wowote: walimkabidhi uongozi mtu asiye wa damu yao, Mike Otterman, huku umiliki ukibaki kwa ukoo. Walitambua kwamba kumiliki ni jambo moja na kuongoza ni jingine. Kwetu ami mkubwa aliongoza karakana kwa kuwa ni mkubwa, na kila aliyemshauri alionekana anataka kumvunjia heshima.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Vingi vilikuwa vimesubiwa kwa chuma chakavu, kama vya babu. Walichemsha humo maji yenye tindikali kidogo, mfano wa mchuzi wenye nyanya au ndimu, wakapima kilichotoka. Takriban theluthi moja ya vyombo ilitoa risasi kwa kiwango cha kuhatarisha afya. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Inaingia kutokana na kuyeyusha kila kinachong'aa bila kuchagua: rejeta zilizolehemiwa, vipuri vya magari, vifaa vya umeme.

Babu hakulijua hilo, na wakati wake hakuna aliyemweleza. Mama yangu alikuwa bado akipikia sufuria mojawapo ya zile. Nilimpigia simu, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, nitawekea mkaa." Na ndivyo anavyoitumia sasa.

Unene wa sufuria na heshima ya dukani havitoshi iwapo fundi hajui alichoyeyusha. Akina Lodge huchukua sampuli ya chuma kabla hakijamiminwa na kuipima. Karakana ya uani haiwezi kununua mitambo hiyo, lakini inaweza kuchagua chakavu chake, na karakana kumi zikiungana zinaweza kulipia vipimo mara kwa mara. Tanzania ina SIDO tangu mwaka 1973, shirika lililoundwa mahususi kuhudumia viwanda vidogo, na ina TBS, shirika la viwango. Wasubu wa Tanga, Mwanza, Gerezani ya Dar es Salaam na Gikomba ya Nairobi hutengeneza vyombo wanavyopikia mamilioni ya watu. Wanastahili kufundishwa hili kwa lugha yao na kwa adabu, pasipo kufukuzwa mitaani, na sisi wanunuzi tunastahili kujua tunakula nini.

Wewe unayesoma haya na baba yako bado ana karakana au duka, nina ombi kwako. Zungumza naye angali hai na ana nguvu, mkiwa na shangazi na ami zako wote barazani. Mshaurini muisajili biashara iwe kampuni, muandikishane hisa, wanawake kwa wanaume, ili siku ya mirathi kinachogawanywa kiwe hisa na faida, na tanuri liendelee kuwaka. Gongeni alama yenu chini ya kila chombo. Mchague chakavu, mpime mnachokiyeyusha. Na daftari la wateja lisikae stoo: mpe mmoja wenu alitunze, leo hii, kabla mzee hajaugua.